Pakiti ya Unga Mtupu

"Mwanaume akikwambia usimuulize, hapo ndipo pa kumuuliza," alisema Shangazi, pini zikimcheza pembeni mwa mdomo. "Nyoosha mkono. Siyo huo, wa kushoto. Msomi mzima hujui kushoto kwako!"

Dokta akanyoosha mkono wa kushoto. Alikuwa amesimama juu ya kisanduku katikati ya chumba cha kushonea, amezungukwa na vipande vya vitambaa, amevaa gauni la bluu ambalo lilikuwa bado halijapata mikono. Gauni hilo lilikuwa la siku ya kutia saini. Wiki ijayo, mbele ya wageni na kamera, chuo chake na kampuni ya pembejeo kutoka ng'ambo vingeweka saini kwenye mkataba mmoja, ndipo mfuko wa kimataifa unaounganisha vyuo na wafanyabiashara ukubali kufungua mkoba wake. Mfuko huo ulikuwa na sharti moja lisilopindika. Hautoi fedha kwa chuo peke yake, wala kwa kampuni peke yake. Lazima waje wawili, kila mmoja akimdhamini mwenzake.

Kilichowaleta wawili hao pamoja ni unga mweusi. Dokta alikuwa amemaliza miaka yake mizuri kwenye maabara akitafuta bakteria mmoja tu, yule anayejua kuishi kwenye mizizi ya soya na kuilisha mimea kutoka hewani, ili mkulima asitegemee mbolea ya dukani. Alimpata. Akamfuga ndani ya mboji laini, akamtia kwenye pakiti. Na kampuni ilipomtuma meneja wake wa ubia aje kuangalia pakiti hiyo ina nini, meneja alianza kwa kuuliza maswali ya biashara, akaishia kumuuliza Dokta kama amekula.

"Bwana Koti ananificha kitu, Shangazi. Nakubali," Dokta alisema. "Lakini kuficha siyo kuiba."

Shangazi alimpachika Meneja jina la Bwana Koti kwa sababu hakuwahi kumwona amevua koti, hata jua likiwaka la kutoboa utosi. Shangazi ndiye aliyemlea Dokta, na kwa hiyo alijihesabu kuwa na kura ya turufu kwenye mambo yake yote, kuanzia urefu wa gauni.

"Basi nieleze mimi nisiyesoma," alisema Shangazi, akirudi nyuma kulitazama bega kwa jicho pembe. "Mkuu wako wa idara alikukataza kutoa hata chembe ya unga huo nje ya maabara kabla ya saini. Kweli au uongo?"

"Kweli."

"Kijana akaja kabla ya mvua, macho yamelegea, sauti ya asali. 'Nipe pakiti moja tu, mpenzi. Usiniulize ya nini.' Kweli au uongo?"

"Hakusema mpenzi. Alisema Kinundu."

"Kinundu!" Shangazi nusura ameze pini. "Anakufananisha na uvimbe, na wewe unachekelea!"

"Ni vile vinundu vya mizizi, Shangazi. Ndiko bakteria wanakoishi. Ananitania kwa sababu siachi kuvizungumzia."

"Haya, Kinundu. Ukampa?"

Dokta akashusha mkono. Jambo hilo alikuwa hajamwambia mtu.

"Nilimpa pakiti. Lakini siyo yenyewe."

Shangazi akaacha kazi.

"Kwenye kila jaribio tunatengeneza pakiti za aina mbili," Dokta alieleza. "Moja ina bakteria. Nyingine ina mboji tupu iliyopikwa kwa mvuke mpaka kila kilicho hai ndani yake kikafa. Tunaiita unga mtupu. Inatusaidia kulinganisha. Rangi ni ile ile, mfuko ni ule ule, alama anayeijua ni mimi. Nikampa unga mtupu. Nilijiambia, kama ni mwizi, ataiba udongo. Kama si mwizi, hakuna atakayeumia."

Uso wote wa Shangazi ukachanua kama wa aliyeletewa zawadi.

"Huyo ndiye mwanangu! Na amesemaje tangu wakati huo?"

"Hajasema neno. Ndiyo maana silali. Kama aliipeleka ng'ambo wakaipima, wangeshagundua haina kitu, na angekuja juu. Kama hakuipeleka, iko wapi? Na leo ananiambia nijiandae, ananipeleka mahali."

"Mahali gani?"

"Hakusema."

Nje honi ikalia mara moja, kwa adabu. Shangazi akachungulia pazia.

"Koti limefika," alisema. "Vaa suruali yako uende. Lakini macho yabaki wazi, na mdomo ubaki kwako."

*

Kwa kawaida safari zao zilikuwa za vicheko. Meneja aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukitafuta kisingizio cha kugusa kiti cha jirani. Siku hiyo aliushika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayefanya mtihani wa leseni.

Dokta alimwangalia kwa pembe ya jicho. Taya lile alilipenda. Alipenda pia mstari mdogo uliochorwa kati ya nyusi zake kila alipofikiri, na leo mstari ule ulikuwa umechimbika kweli. Akajiuliza, ni mtu wa namna gani anayeweza kumtazama mwenzake kwa huba na wakati huo huo anamhesabu kama mlinzi anavyohesabu watu wanaotoka dukani? Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti chake mwenyewe, limefunga mkanda.

"Mbona kimya?" Meneja akauliza.

"Nakusubiri wewe useme."

"Niseme nini?"

"Tunakokwenda."

"Ukifika utajua." Akajaribu kutabasamu. Tabasamu likaishia njiani.

Lami ikaisha, ikaanza barabara ya vumbi. Simu ya Meneja ikalia. Alipoona anayepiga, akasimamisha gari pembeni, akashuka, akafunga mlango. Hakufunga kioo. Dokta hakukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana vifuniko.

"Ndiyo, Mkubwa… Niko naye… Hapana, hajui kitu… Nitaangalia leo kwa macho yangu, nitakwambia kabla jua halijazama… Ndiyo. Ikiwa siyo, tunajitoa. Naelewa."

Hajui kitu. Tunajitoa kwenye nini? Akakumbuka ukumbi wa mikutano wa chuo, Meneja amesimama mbele ya maprofesa akisema kampuni yake itaweka nusu ya fedha zinazotakiwa na mfuko, maana anaiamini kazi hii. Anaiamini! Kumbe wote walikuwa wanapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa?

Meneja akarudi, akawasha gari.

"Ni nani?" Dokta akauliza.

"Ofisini."

"Wanataka nini siku ya mapumziko?"

"Kazi, Kinundu. Kazi haijui mapumziko."

"Leo usiniite Kinundu."

Meneja akakanyaga mafuta. Vumbi likawafuata nyuma mpaka gari lilipokata kona na kusimama mbele ya nyumba ndogo ya bati. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa ukapendeza. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye taya lile lile.

*

"Ndiye huyu?" yule mama aliuliza, hajapokea hata salamu.

"Ndiye, Mama."

"Shikamoo," Dokta akasema, akiinama kidogo. Mama yake! Amenileta kwa mama yake bila kuniambia, nimevaa suruali ya kazini!

"Marahaba." Mama akampima kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, polepole, kama mnunuzi asiye na haraka. "Nilidhani daktari wa mimea atakuwa mtu mzima. Haya, karibu. Lakini hatukai ndani. Mwanangu, mpeleke akaone mambo yake."

Mambo yake.

Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba. Soya zilikuwa zimefika magotini, zimeanza kutoa maua yale madogo ya zambarau. Katikati ya shamba kulikuwa na kamba iliyofungwa kwenye vigingi, imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, ikigawa shamba nusu kwa nusu.

Mtu mwingine asingeona chochote pale zaidi ya kamba. Dokta aliiona kamba ile, akaelewa kila kitu kwa mara moja. Kamba kama hiyo huifunga yeye. Upande mmoja mbegu zilizopakwa unga, upande wa pili mbegu zisizopakwa, kisha unasubiri maua na kulinganisha. Upande wenye unga hai huwa wa kijani kilichoiva mpaka macho yanapumzika.

Pande zote mbili zilikuwa za manjano.

"Ndiko ilikokwenda pakiti yako," Meneja alisema nyuma yake, sauti imeshuka. "Nilifanya kama ulivyonifundisha. Maji ya sukari ili unga ushike, mbegu zikachanganywa, tukapanda siku ile ile. Ardhi ya Mama imechoka kuliko zote ninazozijua. Nikasema, kitu chake kikifaulu hapa, kitafaulu popote."

Akapita kando yake, akapiga goti, akang'oa mche upande wa pakiti. Akaukung'uta udongo, akauinua juu. Mizizi ilikuwa misafi kama nywele zilizochanwa. Kinundu hata kimoja hakikuwepo.

"Mama ameng'oa mingine wiki nzima, hakuona kitu," alisema. "Nilitaka nipate hata kimoja, nikipasue, nione ule wekundu wa ndani ulionionyesha siku ile, ukasema wekundu maana yake kinafanya kazi. Sijakipata." Akamwinulia macho, na ndani ya macho yale hamkuwa na lawama. Hilo ndilo lililomuuma Dokta zaidi. "Niambie ukweli, nimekosea wapi? Mimi si mtaalamu. Labda niliacha jua likaupiga unga. Labda maji yalikuwa ya moto. Nimeua kazi yako kwa mikono yangu, sivyo?"

Mlango wa kukwepa lawama ulikuwa wazi. Dokta aliuona, mpana, unamwita. Hakuhitaji hata kusema uongo; alihitaji tu kuitikia.

"Jua…" alianza, na sauti yake ikawa ngeni masikioni mwake. "Jua huwa linaweza…"

"Jua gani?" Mama alikuwa amewafuata bila kusikika. "Tulichanganyia ndani, chini ya bati, nikiwa nashika beseni mimi. Maji niliyachota mtungini, ya baridi. Msinisingizie jua la watu."

Macho ya Mama yalikuwa juu ya uso wa Dokta, hayapepesi.

"Na nikwambie kingine, binti," aliendelea. "Msimu huu sikuweka mbolea. Mwanangu alinikataza. Alisema mkwe wangu ametengeneza kitu kitakachonitoa kwenye mbolea maisha yangu yote. Nikamwamini. Majirani wamenicheka mpaka wamechoka. Soya hizi ndizo kuku wangu wanazokula, na kuku ndio wanaonilisha mimi. Kwa hiyo nataka nijue. Kitu chako hakifanyi kazi, au kuna jambo?"

Dokta alimtazama Meneja, bado amepiga goti, mche mkononi, bado anasubiri kuambiwa kosa lake.

"Kuna jambo, Mama," alisema. "Pakiti niliyompa haikuwa na kitu. Ilikuwa mboji iliyopikwa. Nilijua."

Meneja hakusimama haraka. Aliuweka mche chini kwanza, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nilikuomba, ukanitazama usoni, ukatabasamu, ukanipa uchafu."

"Uliniambia nisikuulize! Ungekuwa mimi ungefanya nini? Mkuu wangu amenikataza, kampuni yako inasubiri saini, na wewe unakuja na 'usiniulize, Kinundu'. Tumeshaona watafiti wakikumbatiwa leo, kesho wanakuta kazi yao imewekwa nembo ya mtu mwingine. Nikasema nikupime. Kama u mwema, hakuna atakayeumia."

"Hakuna atakayeumia," Mama alirudia, akilitazama shamba lake.

Hasira ikamnyanyua Dokta, ile ya mtu anayejua amekosa lakini hajakosa peke yake.

"Na wewe? 'Niko naye, hajui kitu.' Nimekusikia kwenye simu! Hujui nilivyojisikia? Nini nisichokijua mimi?"

"Shamba hili!" Sauti ya Meneja ikapanda kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Wakubwa wangu hawakutaka kuweka fedha kwenye mfuko kwa maneno matupu. Waliniambia, tafuta unga, upande mahali ambapo mtafiti hapajui, ili asije akamwagilia na kupalilia usiku akatuonyesha kiini macho. Nikawaapia kuwa wewe si mtu wa hivyo. Wakasema, kama si wa hivyo, usimwambie mpaka maua yatoke. Nikakubali, maana nilikuwa na uhakika."

"Kwa hiyo na wewe ulikuwa unanipima."

"Hapana." Akamsogelea mpaka Dokta akaiona mishipa ya shingo yake. "Mimi nilikuwa naipima kazi. Wewe ulikuwa unanipima mimi."

Dokta aliutazama ule mstari kati ya nyusi alioupenda, akaona yeye ndiye aliyeuchimba.

Simu ikalia mfukoni mwa koti.

Meneja akaitoa, akaitazama, akaiacha ilie mkononi. Hakuhitaji kusema ni nani. Dokta aliyaona majibu yote yaliyokuwa yakipita usoni mwake. Akisema shamba limekufa, kampuni inajitoa, mfuko unafunga mkoba, na wakulima waliosubiri watabaki na mbolea yao ya kukopa. Akisema shamba limestawi, atakuwa amedanganya watu wanaomlipa. Akisema mpenzi wake alimpa unga mtupu, atakuwa amemchoma yeye.

"Weka spika," Dokta alisema. "Niongee mimi."

"Hujui unachokifanya."

"Ndiyo kwanza najua."

Meneja akabonyeza. Sauti nzito ikatoka. "Haya, umeona nini?"

"Mkubwa, mimi ndiye mtafiti," Dokta alisema kabla hajapoteza ujasiri. "Niko shambani na meneja wako. Shamba halijastawi, na kosa si lake. Pakiti aliyoipanda niliitoa mimi, na niliitoa tupu kwa makusudi. Sikumwamini. Unga wenyewe haujawahi kufika hapa. Naomba mtupe msimu mmoja, mpande tena shamba hili hili, mje wenyewe na pakiti mtakayoichagua kwenye rafu kwa mikono yenu. Nikishindwa, sitawasumbua tena."

Kuku mmoja akapita akidonoa kwenye mstari wa soya, asijue kuwa chakula chake ndicho kinachojadiliwa.

"Mfuko hausubiri msimu," ile sauti ilisema hatimaye. "Awamu hii ya fedha imefungwa kwenu. Mtaomba upya na wengine, na chuo chako nitakiandikia mwenyewe. Kuhusu kupanda tena, nitafikiri. Nimefanya biashara na vyuo vingi, binti. Haijawahi kunitokea mtu akajishtaki kabla hajakamatwa." Simu ikakatika.

Basi. Hakutakuwa na saini wiki ijayo, wala kamera. Mkuu wa idara angemwita, na huenda mradi ukapewa mtu mwingine. Dokta akajikaza. Hakutaka kulia mbele ya mwanamke yule.

Mama akafungua kamba kwenye kigingi kimoja, akaanza kuikunja.

"Mvua zijazo," alisema bila kumtazama, "utakuja mwenyewe. Pakiti nitalala nayo mimi chumbani, na asubuhi ya kupanda utachanganya mbele yangu."

"Nitakuja, Mama."

"Usiniite Mama bado. Na mbolea ya kuokoa hizi zilizobaki mtaninunulia ninyi wawili, leo."

"Ndiyo, Ma… ndiyo."

Mama akaondoka na kamba yake. Alipofika mlangoni akageuka, akamwangalia tena mgeni wake kuanzia nywele hadi vidole, akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi.

Walirudi kwenye gari wakiwa wameachana nafasi ambayo mtu wa tatu angeweza kupita katikati. Meneja akavua koti. Akalitupa kiti cha nyuma kama mzigo wa mtu mwingine, akakaa, mikono kwenye usukani, hakuwasha.

"Unaniamini?" Dokta akauliza.

"Leo? Hapana."

"Hata mimi nisingejiamini." Kilichobaki kuulizwa kilikuwa kimoja, na alikiogopa kuliko mkuu wa idara na wakubwa wa ng'ambo wakiwekwa pamoja. "Na bado unanipenda?"

Meneja aliitazama barabara ya vumbi iliyokuwa mbele yao.

"Hilo," alisema, "sijawahi kulipima."

Dokta alimgeukia, akamchunguza uso mzima, akitafuta uongo kwenye taya, kwenye nyusi, kwenye pembe za mdomo. Mazoea hayafi kwa siku moja. Alitafuta mpaka Meneja akachoka kutazamwa, akawasha gari.